Lugha Zetu na Uraia Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Modogashe



Natoa shukrani kwa Halmashauri ya Chama kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi baada ya kusomwa taarifa na hesabu za mwaka. Najua kuwa jua limepanda na wengine wenu mmetoka mbali, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe. Jambo nililoombwa kulieleza ni lugha: yaani lugha za nyumbani tulizozaliwa nazo, pamoja na Kiswahili, ambacho ni lugha ya Taifa. Huenda mtu akauliza, chama cha kusaidiana, chenye kazi ya kuwaangalia wajane, mayatima na wagonjwa, kina haja gani na habari za lugha? Naomba mnivumilie kidogo, nami nitaonyesha kuwa haja ipo, tena ni kubwa.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Modogashe ni njia panda. Barabara ya Garissa, barabara ya Wajir ipitayo Habaswein, na barabara ya Isiolo, zote hukutana hapa. Sisi tumo katika Kaunti ya Garissa, upande wa Lagdera, lakini mipaka ya Isiolo na Wajir i karibu, wala mbuzi na ngamia hawaijui mipaka hiyo. Ndiyo sababu mtu akiingia sokoni asubuhi husikia Kisomali, husikia Kiborana kwa watu waliotoka upande wa Isiolo, na husikia Kiswahili kwa madereva, walimu, wauguzi na askari waliotoka sehemu nyingine za Kenya. Hata jina la mji huandikwa kwa namna zaidi ya moja: huku Modogashe, kule Mado Gashi.

Lugha hizi hazikukutana jana. Kisomali na Kiborana, ambacho ni tawi la Kioromo, ni lugha za ukoo mmoja, ukoo wa Kikushi. Ngamia kwa Msomali ni geel, kwa Mborana ni gaala. Maziwa kwa Msomali ni caano, kwa Mborana ni aannan. Kiswahili ni cha ukoo mwingine, ukoo wa Kibantu, lakini nacho kimechota maneno katika kisima kile kile alichochota Msomali, yaani Kiarabu. Kitabu kwa Kisomali ni kitaab, wakati ni waqti, salamu ni salaan. Tena tukumbuke kuwa Kiswahili si kigeni kwa Wasomali wa pwani. Watu wa Barawa wana Chimwini chao, ambacho ni ndugu wa Kiswahili, na Dada Masiti wa mji huo alitunga mashairi ya dini kwa Chimwini. Wabajuni wa visiwa vilivyo karibu na Kismayu nao wana lahaja yao ya Kiswahili.

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini Kiswahili kimechelewa kupendwa katika nyumba zetu? Wako watu wa kusini wasemao kuwa sisi tuna kiburi, na kwamba hatutaki kuwa Wakenya. Hilo si kweli. Sababu iko katika historia, na yafaa vijana waijue.

Mahali pengi Kiswahili kilikwenda kwa biashara, kwa ndoa, na kwa shule. Kwetu kaskazini kilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzifunga wilaya za mpakani. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliwaongezea wakuu wa wilaya mamlaka juu ya watu na mienendo yao. Shule zilikuwa chache mno, lakini vituo vya askari havikukosekana. Basi wazee wetu wengi walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari na karani, na askari aliye kazini hasimulii hadithi. Husema: Simama. Leta kibali. Hamisha mifugo. Lipa. Mwalimu wa sarufi angesema kwamba Kiswahili kilitufikia katika hali ya kuamuru peke yake. Hatukuletewa Kiswahili cha kuulizana hali, wala cha kumbembeleza mtoto, wala cha kubishana kwa heshima.

Baada ya Uhuru mambo hayakugeuka upesi. Mwezi wa Desemba 1963, mwezi ule ule wa Uhuru, hali ya hatari ilitangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Mapatano kati ya Kenya na Somalia yalifanyika Arusha mwezi wa Oktoba 1967 kwa msaada wa Rais Kaunda wa Zambia, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea katika sehemu zetu hadi mwaka 1991. Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini na mitano, mtoto aliyezaliwa hapa alikua akikisikia Kiswahili zaidi kwenye kizuizi cha barabarani kuliko darasani. Mpaka leo yuko mzee ambaye, akipanda basi la Nairobi, husema kuwa anakwenda Kenya. Tusimcheke mzee huyo. Amesema alichofundishwa na miaka yake.

Bwana Mwenyekiti, sisi si watu wa kwanza kupatwa na jambo hili. Tutazame jirani zetu wawili. Nchini Uganda Kiswahili kilijulikana kwa muda mrefu kuwa lugha ya jeshi na polisi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo lake halikukifanya kipendwe, kwa sababu wengi walikisikia pamoja na mlio wa bunduki. Ilipita karibu miaka hamsini kabla ya Baraza la Mawaziri la nchi hiyo kukubali, mwezi wa Julai 2022, kuwa Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni.

Huko Tanzania Kiswahili kilikwenda kwa mwendo mwingine. Kilikuwa lugha ya mikutano ya kudai uhuru. Baadaye kikawa lugha ya madarasa ya watu wazima. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 watu walikusanyika vijijini kwa vikundi kuzisikiliza redioni habari za usafi na afya katika kampeni ya Mtu ni Afya. Mzee wa Tanzania alikutana na Kiswahili akiwa ameshika penseli, au akiwa amekaa na wenzake kuzungumza juu ya kisima chao na choo chao. Lugha ni ile ile, lakini katika nchi moja iliogopwa na katika nyingine ilikumbatiwa. Tofauti ilitoka katika namna watu walivyosemeshwa.

Lakini hapa yatupasa kuwa na tahadhari. Wako wasemao kwamba dawa ya mafarakano ni watu wote kuwa na lugha moja tu, na zile nyingine ziachwe zife. Sisi wa Modogashe hatuwezi kuyaamini maneno hayo, maana tumeiona Somalia. Nchi ile ilikuwa na bahati ambayo nchi chache za Afrika zimeipata: watu wake karibu wote walielewana kwa Kisomali. Mwezi wa Oktoba 1972 Kisomali kilipewa maandishi yake rasmi kwa herufi za Kilatini, na mwaka 1974 wanafunzi walitumwa vijijini na malishoni kuwafundisha wafugaji kusoma. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Hata hivyo mwaka 1991 serikali ilianguka na ndugu wa lugha moja wakapigana. Lugha moja haikutosha kuwaunganisha watu waliokosa haki na kuaminiana.

Kinyume chake, tutazame lililotendeka hapa kwetu. Mwaka 2001 wazee wa jamii za wafugaji waliweka mapatano yanayojulikana kwa jina la mji huu, Azimio la Modogashe, nayo yakatazamwa upya Garissa mwaka 2005. Waliafikiana juu ya malisho na maji, juu ya wizi wa mifugo na silaha haramu, na juu ya fidia ya damu. Hakuna aliyewaambia wazee waache kwanza lugha zao ndipo wapatane. Walipatana kwa sababu kila mmoja alijua kuwa neno lake limefika kwa mwenzake kama alivyolikusudia.

Sasa sheria ya nchi yasemaje? Mwezi wa Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na ingawa Kiingereza kilirudishwa hatua kwa hatua, tangu siku hizo Mbunge ameweza kusimama na kusema kwa Kiswahili. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 imekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 7 kinasema kuwa lugha ya Taifa ni Kiswahili, na kuwa lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Kisha kinaendelea, na hapa ndipo watu wengi huacha kusoma: kinaiamuru Serikali ilinde lugha mbalimbali za watu wa Kenya, na ikuze matumizi ya lugha za kienyeji. Kifungu cha 49 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila ya malipo. Kwa hiyo mtu akijivunia Kisomali au Kiborana hajaivunja sheria ya nchi, bali anaitimiza. Na akijifunza Kiswahili hajaacha asili yake, bali ametwaa kilicho chake kwa haki.

Wenzangu, ubaya huingia pale ulimi wa mtu unapofanywa chujio la kumpima kama ni wetu au si wetu. Jambo hili limetuumiza kutoka pande mbili, nami sitaficha hata moja. Upande mmoja, Novemba 1989 Serikali iliamuru Wakenya Wasomali wachunguzwe uraia wao, na waliokubaliwa walipewa kadi ya ziada juu ya kitambulisho. Kwa miaka mingi baadaye kijana wa kaunti za mpakani alilazimika kupita mbele ya kamati ya kumhoji kabla ya kupata kitambulisho, jambo ambalo kijana wa Nyeri au Kakamega hakulijua. Utaratibu huo Rais Ruto aliutangaza kuwa umekwisha, mjini Wajir, mwezi wa Februari 2025. Twashukuru. Lakini tangazo ni jambo moja, na mazoea ya mtu aliyekaa nyuma ya meza ni jambo jingine. Msafiri wa kaskazini bado aweza kukutana na mtu atakayemshuku kwa sababu ya matamshi yake tu.

Upande wa pili, wauaji nao walitumia chujio lile lile. Mwezi wa Novemba 2014 basi lilisimamishwa karibu na Mandera, na watu 28 wakauawa, walimu miongoni mwao, baada ya kutengwa na wenzao. Walioshindwa kusoma maneno ya dini waliyotakiwa kuyasoma hawakuachwa hai. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2015, basi jingine lilishambuliwa katika njia ya Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi wa Januari 2016. Tukitaka kujua fahari ya taifa ni kitu gani, tuwakumbuke abiria wale. Hawakuuliza nani atamka vipi. Walisema kwa vitendo kuwa waliomo ndani ya basi ni watu wamoja.

Matukio hayo yalituletea hasara nyingine isiyoandikwa sana. Walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, katika kaunti yetu, mwezi wa Januari 2020, walimu wengine wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka kaunti za Kaskazini Mashariki. Hatuwezi kuwalaumu kwa kuyaogopa mauti. Lakini fikirini: wengi wa hao ndio waliokuwa wakizungumza Kiswahili na watoto wetu kutwa nzima, darasani na uwanjani. Mtoto aliyebaki na kitabu cha Kiswahili bila ya mtu wa kuzungumza naye ataweza kujibu mtihani, lakini ataona haya kuuliza njia akiwa Nairobi. Kisha mtu atamsikia akisitasita, na kumwuliza kama kweli ni Mkenya. Hivyo ndivyo ukosefu wa mwalimu unavyogeuka kuwa shaka juu ya uraia.

Sasa nirudi kwenye kazi za Chama, maana niliahidi kuonyesha haja. Mfikirie mama anayekwenda hospitali, na muuguzi hajui lugha yake. Mara nyingi anayeitwa kukalimani ni mtoto wake wa miaka kumi. Mama ataona haya kuyataja maradhi yake mbele ya mwanawe, na mtoto hatajua neno la kusema. Muuguzi ataandika dawa kwa kukisia. Mfikirie mjane anayetia kidole gumba katika karatasi ya kiwanja bila ya kusomewa kwa lugha yake. Mfikirie mzee mbele ya hakimu, anayeitikia ndiyo, ndiyo, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili alilolizoea tangu siku za amri. Watu hawa watatu ndio wale wale ambao Chama chetu kiliundwa kuwasaidia. Tukiwapa fedha za nauli na tusiwape msaada wa ulimi, tumewafikisha mlangoni tukawaacha hapo.

Nimesikia maoni ya namna mbili juu ya jambo hili. Wazee wengine wanahofu kuwa Kiswahili kikiingia nyumbani, mtoto atasahau lugha ya baba zake. Hofu hiyo ina haki, maana wako vijana wetu waliokulia mijini wasioweza kufuata mazungumzo ya wazee wao. Lakini lugha ya nyumbani haipotei kwa sababu mtoto ameongeza nyingine. Hupotea pale wazazi wanapoacha kuisema naye. Vijana wengine nao husema kuwa Kiingereza chatosha kwa kazi, na kuwa lugha za nyumbani ni mambo ya malishoni. Hao nawauliza: siku ya ukame, habari za maji na malisho mtazipata kwa lugha gani? Na mkitaka kura za watu wa nchi hii, au kuuza mbuzi wenu Mombasa na Nairobi, mtasema nao kwa lugha gani? Kiingereza tukisome kwa bidii, lakini kisitufanye wageni nyumbani wala sokoni.

Bwana Mwenyekiti, kwa hiyo naleta mbele ya mkutano huu mapendekezo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni watoto. Mtaala wa shule unaotumika sasa una somo la lugha za kienyeji katika madarasa ya kwanza matatu. Naomba Halmashauri ionane na walimu wakuu, ili Kisomali kifundishwe kwa vitabu na si kwa mdomo tu, na watoto wa Kiborana walio kati yetu wasisahauliwe kwa kuwa ni wachache. Mtoto akishajua kusoma katika lugha anayoielewa, kusoma Kiswahili hakutamshinda.

La pili ni watu wazima. Tufungue darasa la jioni la Kiswahili, na kina mama watengewe siku yao. Kiswahili kitakachofundishwa humo kiwe cha mazungumzo: cha kuuliza bei, kueleza ugonjwa, kusimulia, na kukataa kwa adabu. Tena darasa hilo liwe na mlango wa pili, yaani la Kisomali na Kiborana kwa walimu, wauguzi na askari waliotumwa kwetu. Mgeni akijua kusalimu kwa lugha ya mwenyeji, amekwisha kuanza kulindwa na mwenyeji huyo.

La tatu ni wakalimani. Tuwachague watu wazima waaminifu, wanawake kwa wanaume, wanaojua lugha zote tatu, wawasindikize wagonjwa siku za kliniki na wajane siku za kwenda ofisini. Tupitishe azimio kuwa mtoto asitumiwe tena kuwa mkalimani wa maradhi ya mamaye.

La nne ni Chama chenyewe. Kitabu hiki cha taarifa ya mwaka huchapishwa kwa Kiswahili, na ni vema kiendelee hivyo. Lakini kabla ya kupigwa kura, hesabu zisomwe kwa sauti kwa Kisomali na kwa Kiborana pia, ili kila aliyetoa shilingi yake ajue imekwenda wapi. Hatuwezi kuidai Serikali jambo tusilolitenda wenyewe.

Namaliza. Wasomali wana msemo wa kale usemao nabad iyo caano, yaani amani na maziwa, na wenzake ni col iyo abaar, yaani vita na ukame. Katika nchi kavu kama yetu watu waliona zamani kuwa amani na chakula hutembea pamoja. Msomali anapomwamkia mwenzake huuliza habari za nabad. Mborana huuliza nagaa. Mswahili hujibu salama. Wote watatu wanaulizana jambo moja. Chama hiki kikiweza kuhakikisha kuwa swali hilo linaeleweka na kujibiwa katika kila ofisi, kila darasa na kila kitanda cha mgonjwa hapa Modogashe, kitakuwa kimeifanyia Kenya kazi ya kujivunia.

Namwomba Mwenyezi Mungu atujalie mvua, afya na masikilizano katika mwaka tunaouanza.